Lisbon, Roma au Vienna: mji upi kwa wikendi ya wawili wanaopenda kula na kutembea?

Wanandoa wanaopanga wikendi ya kula na kutembea katika mji mmoja wa Ulaya hukwama mara nyingi mahali pale pale: siku ni mbili au tatu, akiba ni ile ile, na majina yanayojirudia kila wakikaa kupanga ni Lisbon, Roma na Vienna. Kila mmoja ana rafiki aliyerudi kutoka mji mmojawapo akiusifia kiasi cha kuidharau mingine. Mimi na mume wangu tumefika yote mitatu, kila mji kwa wikendi yake na msimu wake, na nimeona kwamba kuuliza mji upi ni mzuri zaidi hakusaidii kitu, kwa kuwa yote ni mizuri na hakuna unaomalizika kwa siku mbili. Linalosaidia ni kujiuliza nyinyi wawili mnakulaje na mnatembeaje: mnapenda kula saa ngapi, mkiwa mmekaa au mmesimama, mnaweza kupanda ngazi ngapi kabla ya mmoja wenu kununa, na usiku ukiingia mnatafuta kelele au utulivu. Wikendi nyingi ninazozijua ziliharibiwa na njaa iliyokuja saa isiyo yake na miguu iliyovimba, wala si kwa sababu kuna jumba ambalo halikuonekana.

Kwa hiyo nimeipima miji hii kwa vigezo vitano. Cha kwanza ni kufika na kuzunguka, pamoja na hali ya barabara kwa mwenye miguu mizito. Cha pili ni chakula, nami nimekipa nafasi kubwa kuliko vingine, nikiwazingatia pia wasiokula nguruwe na wasiokunywa pombe, kwani wasomaji wengi wa Kiswahili wamo humo. Cha tatu ni vya kuona ambavyo vinaingia katika siku mbili bila kukimbizana. Cha nne ni gharama, na cha tano ni jioni. Nimechukulia kwamba mnalala usiku mbili au tatu katika hoteli ya wastani, hamna gari, na watoto, kama wapo, wamebaki kwa bibi yao.

Kufika na kuzunguka

Miji yote mitatu imo katika eneo la Schengen, hivyo viza ni ya aina moja. Tangu Juni 2024 ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000. Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, au kwa wakala wake, kwa hiyo uamuzi wa mji unatakiwa kuja kabla ya kujaza fomu. Anayetoka Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ataona kwamba Roma na Vienna ziko karibu kidogo kwa maana ya ratiba, kwa sababu Ethiopian Airlines huruka kwenda miji yote miwili kutoka Addis Ababa. Kwa Lisbon mtu hulazimika zaidi kupitia Istanbul au mji mwingine wa Ulaya, na saa kadhaa humwishia njiani. Sisi tunaoishi huku Ulaya tofauti hiyo hatuioni.

Mkishatua, Lisbon ndiyo rahisi kuingia: uwanja wa ndege umo ndani ya mji wenyewe, na treni ya chini ya ardhi ya njia nyekundu huanzia hapo hapo. Ugumu huja baadaye. Mji umekaa juu ya vilima, wenyeji wenyewe hupenda kuvitaja kuwa saba, na goti la mume wangu lilivihesabu vyote. Njia za waendao kwa miguu zimetandazwa vijiwe vidogo vyeupe na vyeusi vilivyong'arishwa na nyayo za miaka mingi. Vinapendeza sana machoni, ila mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Tramu namba 28, ile ya manjano inayopigwa picha na kila mgeni, hupita mitaa ya zamani ya Alfama na Graça, lakini ikifika saa nne asubuhi imekwisha kujaa, na vibaka wanajua kwamba macho ya abiria yako dirishani. Anayetaka kufika kwenye ngome ya São Jorge bila kuchoka apande basi dogo namba 737 kutoka Praça da Figueira.

Roma ina treni ya moja kwa moja kutoka uwanja wa Fiumicino hadi kituo cha Termini, dakika 32 kwa euro 14. Katikati ya mji pana miinuko michache isiyotisha, lakini mwendo ni mrefu kuliko ramani inavyoonyesha, kwa sababu kila kona ina jambo linalowasimamisha. Treni za chini ya ardhi ni chache, kwani kila wanapochimba wanakutana na magofu ya kale, na mabasi huja yanapotaka. Roma basi ni mji wa kutembea kwa miguu, juu ya mawe meusi yenye nyufa zinazomeza visigino vya viatu vya kike. Niliacha kisigino kimoja karibu na Piazza Navona na sikurudi kukitafuta.

Vienna haina la kulalamikia hapa. Mji wa ndani ni tambarare, treni, tramu na mabasi hufika kwa dakika iliyoandikwa, na vituo vya treni za chini vina lifti. Treni ya S7 huwatoa uwanja wa ndege hadi katikati ya mji kwa muda usiofika nusu saa. Tahadhari ni moja tu: vituo havina mageti, mtu huingia kama anaingia sokoni, na mgeni hudhani kwamba usafiri ni wa bure au kwamba tiketi iliyomo mfukoni inatosha. Tiketi ya karatasi igongwe muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda, kwa maana wakaguzi huvaa nguo za kawaida na faini hutozwa papo hapo.

Chakula

Lisbon imejengwa pale mto Tejo unapokaribia bahari, na mtu wa pwani atajiona nyumbani mezani mapema kuliko atakavyojiona nyumbani barabarani. Kuna pweza aliyeokwa kwa mafuta ya zeituni na viazi vidogo vilivyopondwa kidogo kwa ngumi, kamba wa kitunguu saumu, na wali wa vyakula vya baharini unaoletwa ndani ya sufuria ungali unachemka, wenye mchuzi mwingi kuliko wali wetu. Mwezi wa sita, katika siku za sikukuu ya Mtakatifu Antonio, vichochoro vya Alfama hujaa majiko ya mkaa na sardini, na moshi wake hukaa kwenye nguo hadi mnaporudi kwenu. Halafu kuna bacalhau, samaki wa bahari za kaskazini aliyekaushwa kwa chumvi. Anayemjua papa mkavu au ng'onda wa Unguja hatahitaji maelezo: huyu naye hulowekwa siku nzima au zaidi na kubadilishwa maji kabla ya kugusa moto, naye hunuka sokoni vivyo hivyo na kusameheka mezani vivyo hivyo. Kuku wa piri-piri yupo pia, na neno lenyewe ni ndugu wa pilipili yetu, lililosafiri na mabaharia na kurudi limebadilisha lafudhi.

Kwa asiyekula nguruwe Lisbon ni nyepesi, kwa sababu samaki ndiye mfalme, ingawa supu ya kijani iitwayo caldo verde huja na vipande vya soseji na inafaa kuuliza kwanza. Kome na wenzao wa magamba hupikwa kwa giligilani na kitunguu saumu, mara nyingi pia kwa mvinyo mweupe. Karibu na Martim Moniz na Largo de São Domingos mnakutana na Afrika na Asia katika mtaa mmoja: sambusa zinazoitwa chamuças, zilizokuja kwa njia ya Goa na Msumbiji, na migahawa ya watu wa Cabo Verde inayopika cachupa, ambayo ni mahindi na maharage pamoja na nyama au samaki, yaani kande yenye bahati.

Jambo moja lazima nilieleze kwa urefu, kwa sababu lilitugharimu. Mkikaa mezani Lisbon, kabla hamjaagiza, mhudumu huleta mkate, zeituni, pengine jibini ndogo ya duara na rojo ya samaki ya kupaka mkate katika kibweta. Mume wangu, ambaye amelelewa kwamba kinacholetwa bila kuagizwa ni takrima, aliikata jibini vipande vinne, akanipa kimoja, akala vitatu. Bili ilipokuja, kila kitu kilikuwa na mstari wake. Huo ndio utaratibu, nao hauna hila: kisichoguswa hakilipiwi, na mnaruhusiwa kabisa kumwomba mhudumu akirudishe mara tu kinapowekwa.

Roma hula kwa ukaidi. Mji una tambi zake nne mashuhuri na hautaki kujifunza ya tano: cacio e pepe, ya jibini ya kondoo na pilipili manga; gricia, ambayo ni hiyo hiyo ikiongezwa nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa; amatriciana, ambayo ni gricia yenye nyanya; na carbonara, yenye yai badala ya nyanya. Mpangilio huo una maana kwa asiyekula nguruwe, kwani katika zote nne ni cacio e pepe peke yake inayomfaa. Hana haja ya kukata tamaa, hata hivyo. Katika mtaa wa zamani wa Wayahudi, kando ya mto Tiber, kuna migahawa inayofuata sheria za chakula za dini hiyo, ambamo nguruwe haingii kabisa, na hapo ndipo wanapokaanga artichoki nzima katika mafuta mpaka ikafunguka kama ua, majani ya nje yakivunjika mdomoni kama chipsi na moyo wake ukiwa laini. Karibu na Termini, migahawa ya Waeritrea na Wahabeshi huuza injera, urithi wa historia ndefu na chungu kati ya Italia na Pembe ya Afrika. Wapenzi wa supu ya utumbo na mkia wa ng'ombe waende Testaccio, mtaa uliokua kando ya machinjio ya zamani, ambako vyakula vya maskini vya kutumia kila kisichouzwa kwa matajiri vimekuwa fahari ya mji. Waulize tu kuhusu mafuta yaliyotumika.

Mchana Roma hula kwa kusimama, na hapo ndipo ninapoipenda zaidi. Duka la pitsa ya kukata lina sinia ndefu nyuma ya kioo. Muuzaji huweka kisu juu ya pitsa na kukutazama usoni, nawe husogeza kidole kuonyesha zaidi au pungufu, kisha anakata kwa mkasi, anapima kwenye mizani, anakunja vipande viwili uso kwa uso katika karatasi, na mnakula mkitembea. Kahawa nayo hunywewa kaunta kwa mafunda mawili au matatu. Ukiketi nje kwenye uwanja maarufu, kikombe kile kile kinaweza kugharimu mara mbili au tatu. Chakula cha usiku hakianzi kabla ya saa moja na nusu au saa mbili, na wanaozoea kula magharibi watazunguka na njaa wakitazama milango iliyofungwa.

Vienna ni kinyume chake: huko watu huketi. Nyumba za kahawa za Vienna zimekuwa sebule za mji kwa vizazi, na Mwafrika Mashariki aliyezoea kahawa ya barazani ataelewa haraka, ila baraza hii ina dari ndefu, viti vya mahameli vilivyochakaa kwa heshima na magazeti yaliyoning'inizwa kwenye vijiti vya mbao. Kahawa huja juu ya kisinia cha fedha pamoja na glasi ya maji, na kijiko kimelazwa kifudifudi juu ya mdomo wa glasi. Ukimaliza hakuna anayekuondoa. Unaweza kukaa saa mbili kwa kikombe kimoja, na mhudumu, ambaye huvaa suti nyeusi na uso usiocheka, atakuletea maji mengine bila kuombwa. Wageni wengi huuona uso huo kuwa ni dharau. Ni desturi tu, na kumvumilia ni sehemu ya bei.

Keki ya Sacher, ya chokoleti yenye utando wa jamu ya aprikoti, hurejeshwa kwenye mwaka 1832, na kwangu ni kavu kuliko sifa zake. Afadhali Kaiserschmarrn, chapati nene ya maji iliyochanwachanwa sufuriani na kunyunyiziwa sukari, ambayo hutosha watu wawili. Kwa chakula cha chumvi, Tafelspitz ndiyo iliyotushangaza: nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu, inaletwa ndani ya supu yake, mnakunywa kwanza mchuzi kisha mnakula nyama na viazi na mizizi yenye ukali iliyokunwa. Ni mchemsho, kwa kweli, uliovaa tai. Schnitzel inayoitwa ya Vienna kwa jina kamili ni ya ndama. Ile ya bei nafuu huwa ya nguruwe na menyu hulazimika kusema hivyo, lakini hata ya ndama huweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, basi ulizeni. Chakula halali ni rahisi kupatikana katika mtaa wa Ottakring, kwenye soko la Brunnenmarkt, ambako Waturuki na Waarabu huuza mikate ya moto, mbuzi na matunda kwa bei ya watu wa kawaida, tofauti na Naschmarkt iliyo karibu na katikati, ambayo ni nzuri kwa macho na ghali kwa mfuko. Siku ya Jumapili masoko na maduka karibu yote ya Vienna hufungwa. Andaeni matunda na maji tangu Jumamosi.

Vya kuona katika siku mbili

Lisbon hugawanyika vizuri katika nusu mbili. Siku moja ni ya Belém, kwenye ukingo wa mto, na siku ya pili ni ya Alfama, mtaa wa bondeni wa Baixa na vilima. Belém ndiko kuliko na nyumba ya watawa ya Jerónimos, iliyoanza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 16 kwa mali iliyotokana na biashara ya bahari, na ndani ya kanisa lake amelazwa Vasco da Gama. Mtu wa Malindi au Mombasa hasimami mbele ya kaburi lile kama mtalii wa kawaida. Huyu ndiye aliyefika pwani yetu mwaka 1498, na wenzake waliomfuata waliijenga Fort Jesus kuanzia 1593; kwao tumepata meza, bendera, leso na gereza, na neno hilo la mwisho kwa Kireno ni kanisa, jambo linaloeleza mengi kuhusu namna tulivyokutana. Mimi nilitoka mle nimenyamaza, kisha tukavuka barabara kwenda kwenye duka la vitumbua vya maziwa lililokuwapo tangu 1837, tukavinyunyizia mdalasini, na ganda lilipopasuka mdomoni nikakubali kuzungumza tena. Nusu ya pili ya mji hubeba alama ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755: Baixa ina barabara zilizonyooka kwa sababu ilijengwa upya, na kanisa la Carmo limeachwa bila paa, matao yake yakishikilia anga.

Roma ina vya kuona vingi mno, na hilo ndilo tatizo lake kwa watu wa siku mbili. Ushauri wangu ni kuchagua vitu viwili tu vya tiketi na kuviacha vingine vije vyenyewe. Colosseum, iliyofunguliwa mwaka 80, hudai tiketi yenye jina na saa, inayonunuliwa mapema. Makumbusho ya Vatican huchukua nusu siku nzima na hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo ni bure na foleni yake haina staha. Pantheon ilianza kutoza kiingilio cha euro 5 Julai 2023, nayo inastahili: kuba lake lina upana wa zaidi ya mita 43, limesimama tangu enzi za mfalme Hadrian, na katikati kuna tundu lisilo na kioo, mvua huingia na kutoweka katika vijitundu vya sakafuni. Vingi vingine ni bure. Katika kanisa la San Luigi dei Francesi kuna michoro mitatu ya Caravaggio isiyotozwa senti. Makanisa, na hasa la Mtakatifu Petro, hayaruhusu mabega wala magoti wazi, na hapo leso niliyoitia mkobani kwa mazoea ilinisitiri mimi, kisha ikamsitiri mama mmoja Mhispania aliyekuwa karibu kurudishwa mlangoni.

Vienna ni mji wa kuingia ndani. Kasri la Schönbrunn lina vyumba 1,441, ingawa mnaonyeshwa vichache tu, na bustani yake ni ya bure. Makumbusho ya Kunsthistorisches yana chumba cha kazi za Bruegel ambacho peke yake kinatosha asubuhi moja, na ukichoka kuna mkahawa chini ya kuba lenye marumaru. Katika kasri la Belvedere kuna mchoro wa Klimt wa wawili wanaobusiana ndani ya dhahabu, ambao wanandoa wote hupiga picha mbele yake, na sisi tulipiga. Katika kanisa la Stephansdom, mnara wa kusini una ngazi 343. Hapo goti liliachwa chini likinywa kahawa.

Gharama

Kwa chakula, Lisbon ndiyo nafuu, Roma iko katikati na Vienna iko juu. Kahawa nyeusi ya kaunta ni karibu euro moja Lisbon, zaidi kidogo Roma, na Vienna kikombe cha kuketi nacho kinaweza kufika euro sita au saba. Hoteli hufuata msimu kuliko mji, na zote hutoza kodi ya mji. Lisbon, kwa mfano, ni euro 4 kwa mtu kwa usiku. Roma hurudisha kidogo kwa maji: vibomba vya chuma zaidi ya elfu mbili mitaani hutiririsha maji baridi ya kunywa bure, kwa hiyo bebeni chupa tupu. Vienna hurudisha kwa muziki, kama nitakavyoeleza.

Jioni ya wawili

Jioni ya Lisbon ni fado, nyimbo za Kireno za huzuni, na wazoefu wa taarabu wajitayarishe kubadilisha adabu. Kwenye taarabu mtu huinuka, hucheza, humtuza mwimbaji. Kwenye fado taa hupunguzwa, vijiko huwekwa chini, na anayenong'ona hutazamwa vibaya na chumba kizima. Nyumba nyingi hutaka mle chakula cha usiku hapo au mtumie kiasi fulani, basi ulizeni bei kabla ya kuketi. Wasiotaka hayo wapande kwenye roshani ya Senhora do Monte jua linapozama, ambayo haina kiingilio.

Roma haina ratiba ya jioni kwa sababu jioni yenyewe ndiyo tamasha: watu hutembea bila kwenda popote, na aiskrimu mkononi, kutoka Campo de' Fiori hadi Trastevere, mtaa wa ng'ambo ya mto, na wasiokunywa pombe hawajioni wametengwa. Trastevere hupiga kelele hadi usiku mwingi, hivyo msilale huko mkitaka usingizi.

Vienna ina Opera ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1869, ambayo huuza tiketi za kusimama kwa bei ya chakula cha mchana cha kawaida. Mnafunga skafu kwenye reli kushika nafasi, desturi inayoheshimiwa na kila mtu, na mnaruhusiwa kuondoka wakati wa mapumziko miguu ikikataa. Julai na Agosti hakuna maonyesho.

Kuchagua kulingana na hali yenu

Mmoja wenu akiwa na goti, mgongo au mimba, Vienna itawasumbua kidogo kuliko nyingine. Roma inawezekana mkilala karibu na Pantheon na kutembea asubuhi mapema. Lisbon iahirishwe, au mkae Baixa na kupanda teksi kila penye mlima.

Ikiwa hamli nguruwe na hamtaki kuhoji kila sahani, Lisbon ni nyepesi kwa sababu ya samaki. Wanaohitaji nyama iliyochinjwa kwa sheria ya Kiislamu watahangaika kidogo zaidi Vienna kwenye katikati ya mji, lakini Ottakring iko vituo vichache tu kwa treni. Roma huhitaji kupanga mapema mahali pa kula, si kwa sababu hapapo, bali kwa sababu penye kufaa hapako pale njaa inapowakuta.

Kwa mfuko mdogo, Lisbon nje ya msimu wa joto, au Roma ya pitsa ya kukata na makanisa ya bure. Kwa maadhimisho ya ndoa, mkitaka kuvaa na kuketi, Vienna ya kati ya Septemba na Juni. Desemba kuna masoko ya Krismasi, na baridi inayomtaka mtu wa Tanga anunue koti kwanza. Kwa safari ya kwanza Ulaya, na hamjui mtarudi lini, Roma ina kile ambacho watu wa nyumbani watawauliza kama mlikiona. Lakini liepukeni joto la Agosti, ambapo pia migahawa mingi ya kifamilia hufungwa kwa likizo katikati ya mwezi. Kwa Lisbon, mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni mijakaranda huchanua barabarani, na aliyewahi kuishi Nairobi atasimama chini yake akijiuliza mwezi gani huu.

Na kama bado mnabishana, tazameni siku zenu za safari badala ya kutazamana nyinyi. Jerónimos hufungwa Jumatatu, Vatican Jumapili, na maduka ya Vienna Jumapili. Wenye Ijumaa na Jumamosi tu wanaweza kwenda popote. Wenye Jumapili na Jumatatu wamebakiwa na machaguo machache, na waanze kwa kupanga siku hizo mbili kabla ya kulipia hoteli.